Wachoma Mkaa wa Ransome

Riwaya ya Arthur Ransome, Swallows and Amazons (1930), tunaihukumu upesi mno. Mhakiki akishaona watoto wanne wa Kiingereza wamepiga kambi kisiwani, wanajiita wavumbuzi na watu wa pale wanawaita "wenyeji", basi, maneno yamekwisha: dhamira ni ya kikoloni, kitabu kifungwe. Mimi siafiki. Ukoloni umo, tena waziwazi. Baba yao ni afisa wa jeshi la majini, na michezo yao inatoka katika vitabu kama kile cha Stevenson, ambacho sisi huku tulitafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina.

Lakini hebu tuwaangalie wachoma mkaa, wazee wawili, baba na mwana (mwana naye mzee!). Msomaji wa Kinyangiri, kule Singida, hana haja ya kuelezwa tanuri. Anajua kuwa magogo yakishapangwa, yakafunikwa majani na udongo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Ufa ukitokea usizibwe, hewa inaingia, na asubuhi unakuta majivu. Kwa hiyo anaelewa mara moja kwa nini wazee hawa wanalala huko huko msituni. Msomaji wa mjini atadhani ni pambo la mandhari tu.

Kumbe wao ndio wenye habari. Wamesikia kwamba mashua anayoishi Bwana Turner iko hatarini kuvunjwa, wakawaagiza watoto wafikishe onyo. John anakwenda. Turner hampi hata nafasi ya kusema; anamwita mwongo, kwa kosa lililofanywa na wapwa zake mwenyewe! Siku chache baadaye mashua inavunjwa usiku, sanduku lenye mswada wa kitabu chake linachukuliwa. Hivi hapo mjuzi ni nani? Msafiri anayeandika kumbukumbu za safari zake, au mzee anayelinda tanuri?

Ndiyo maana nasema msuko unawapa wenyeji hadhi ambayo lugha ya watoto inawanyima. Anayesoma kwa kuhesabu maneno ya kikoloni peke yake hawezi kuliona hilo.

Pale nisipomsamehe Ransome ni kwenye mapatano. Turner anaomba radhi, karamu inaandaliwa kwenye mashua, wanakula watoto na Turner. Wale wazee hawapo.