Baba Miongoni mwa Waliotoweka: Uthabiti wa Nafsi katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, umezoeleka kusomwa kama mawaidha ya kuipa dunia kisogo. Usomaji huo una msingi. Dunia humo ni bahari iliyochafuka, ni sarabi, ni mzoga unaogombewa na mbwa. Hata hivyo, taswira za namna hiyo zilikuwa mali ya wote katika fasihi ya Kiislamu ya zuhudi, na mhubiri yeyote wa pwani angeweza kuzitumia. Hazitoshi kueleza kwa nini msomaji aliyepatwa na msiba huurudia utungo huu na kupata nguvu.

Sababu ya kwanza ni mwelekeo wa kauli. Nafsineni hauhubirii umma. Anausuta moyo wake mwenyewe, moyo unaojua ukweli na bado unajidanganya. Anayekemea na anayekemewa ni mtu mmoja, kwa hiyo hakuna aliye juu ya mwenzake.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Utungo huu ni wa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate, iliyotajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ilikuwa imedhoofishwa na fitina na vita. Mtunzi anapita katika majumba yaliyowahi kung'aa kwa taa na kuwakuta popo na ndege katika vidaka vilivyopangwa vyombo vya Uchina. Mpaka hapo matajiri hawana majina, na msomaji anaweza kuwahurumia kwa mbali. Kisha majina yanaanza kutajwa, na miongoni mwao yumo Ali bin Nasiri, baba wa mtunzi, pamoja na shemejiye Abu Bakari. Swali la balagha, wako wapi, linageuka kuwa swali la mtoto. Uthabiti unaopatikana hapa hautokani na faraja, kwani faraja haitolewi. Unatokana na kuthubutu kumhesabu mzazi pamoja na waliotoweka, bila kumtengea nafasi ya pekee.

Umbo linaibeba kazi hii. Katika kila ubeti mishororo mitatu ya kwanza hushirikiana kina, na kina hicho hubadilika ubeti unaofuata. Mshororo wa nne hurudi daima kwenye -ye. Sauti inatangatanga na kurejea, ubeti kwa ubeti, hata pale maana inapokuwa ngumu kustahimilika.

Sehemu ya mwisho, inayoeleza Jehanamu, ina mvuto mdogo zaidi: shaka ya moyo inafifia na kitisho kinachukua nafasi yake. Lakini kuiondoa, kama wanavyoshawishika kufanya wanaotaka ushairi wa kale uwe tiba ya nafsi shuleni, ni kosa. Magofu bila hukumu yanabaki huzuni tupu, na mtunzi hakukusudia huzuni tupu.

Wanaoandaa diwani za shule wana jambo la karibu zaidi la kuamua. Faharasa ya lahaja za kaskazini humweleza mwanafunzi kwamba muamu ni shemeji. Isipomweleza pia kwamba Ali bin Nasiri ni baba wa anayeuliza, atausoma ubeti huo kama orodha ya wakubwa wa Pate.