Bodi ya Nyumbani: Kinachokula Muda ni Kutoboa

Miongozo mingi ya kutengeneza bodi ya saketi nyumbani ina ushauri uleule: anza na vipuri vya miguu, vile vinavyopitishwa kwenye matundu, maana ndivyo rahisi. Vile vidogo vya kubandika juu ya shaba, eti ni vya kiwandani. Mimi naona ushauri huu unawapotezea watu muda, hasa wewe mwenye mradi wa mwaka wa mwisho na wiki mbili tu mkononi.

Hebu tuhesabu. Tuseme saketi yako ina rezista 20, kapasita 10 na chipu moja ya miguu 16. Rezista na kapasita zina miguu miwili miwili, kwa hiyo hapo tayari ni matundu 60. Ongeza 16 ya chipu, unapata 76. Kila tundu linataka ncha ya drili ya milimita 0.8 hivi, na hiyo ncha inavunjika mkono ukiinama kidogo tu. Miguu ya chipu imeachana milimita 2.54, tundu moja likienda upande, chipu haikai. Bado hujapitisha miguu, hujalehemu, hujakata mabaki. Na vumbi la faiba unalivuta wewe.

Sasa weka vipuri vya kubandika: yale matundu 76 yanakuwa sifuri. Unayeyusha risasi kidogo kwenye pedi moja, unaleta rezista kwa kibano, ikishika unalehemu pedi ya pili. Basi. Rezista ya saizi 1206 ina urefu wa milimita 3.2, inaonekana vizuri kwa macho. Kwa chipu, chukua zenye miguu iliyoachana milimita 1.27. Unaogopa udogo? Pita Kariakoo umtazame fundi simu: anavyoshika yeye kila siku ni vidogo zaidi ya hapo.

Lakini mashabiki wa vipuri vya kubandika nao wanazidisha. Wapo wanaobadilisha kila kitu, hadi soketi za nyaya. Kwenye bodi yako pedi imeshikwa na gundi tu. Vuta waya mara chache, shaba inabanduka. Soketi, swichi na kapasita kubwa ziachie miguu yake. Tena rezista ya ohm 10,000 huandikwa 103, ila kapasita ndogo za kauri kwa kawaida hazina maandishi. Zikichanganyika mezani, bila mita ya kupima kapasita huna ujanja.

Kuna jambo jingine miongozo mingi inaliruka. Ukihamisha mchoro kwa karatasi ya printa na pasi ya nguo, picha hugeuka kushoto kulia. Vipuri vya miguu hukaa upande usio na shaba, kwa hiyo kugeuka huko kunakufaa. Vya kubandika hukaa upande wa shaba wenyewe. Lazima uchapishe mchoro uliogeuzwa kama kwenye kioo. Usipofanya hivyo, mguu wa 1 wa chipu utaangukia pedi ya mguu wa 16, na bodi nzima ni ya kutupa.

Kwa hiyo, kabla hujashika drili, hesabu matundu ya saketi yako. Kisha tuandikie hapo chini: ni mangapi kweli yalihitajika?