Pongezi kwa Bingwa wa Mifupa Mikoani

Daktari bingwa wa mifupa anayekubali kituo cha kazi mkoani anastahili pongezi, na akiwa mwanamke anastahili maradufu, kwani anapangua dhana mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kwamba majeruhi wa bodaboda apelekwe tu taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili. Mfupa uliochomoza nje ya ngozi hausubiri basi la Dar es Salaam. Usiposafishwa mapema, huweza kutunga usaha. Nalo paja lililovunjika, likitibiwa kwa kuning'inizwa uzito, humlaza mtu wiki 6 au zaidi, shamba likiota magugu. Chuma cha SIGN, kinachokazwa ndani ya mfupa kwa skrubu hata pasipo mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji, humsimamisha kwa magongo mapema zaidi.

Dhana ya pili ni kwamba kazi hii yataka misuli ya mwanamume. Kweli, kuvuta paja la mtu mzima si mchezo. Lakini nusukaputi hulegeza misuli ya mgonjwa, na kinachobaki ni pembe sahihi na wasaidizi waliojipanga. Anayesema bingwa mmoja hatoshi mkoa mzima hajakosea; basi na adai bingwa huyo aongezewe wenzake, wauguzi na vyuma.