Picha za Miambani na Maneno Yake

Wasomaji wetu walioko Baray, katika wilaya ya Karatu, wanakaa karibu na ziwa Eyasi, katika nchi ya Wahadza, Wadatoga na Wairaqw. Upande huohuo wa ziwa liko pango la Mumba. Hapo Ludwig Kohl-Larsen, mtaalamu wa Kijerumani, na mkewe Margit walichimba katika miaka ya 1930, na vitu walivyovitoa vikachukuliwa mpaka Tübingen. Kohl-Larsen alikuwa na kazi nyingine mbili: alinakili picha zilizoandikwa miambani, na alikusanya hadithi za Wahadza, ambao yeye aliwaita Watindiga. Hadithi zilitolewa mwaka 1956, na picha mwaka 1958, katika kitabu kiitwacho Die Bilderstrasse Ostafrikas. Hatusemi kwamba mababu wa Wahadza ndio walioandika picha zile. Lakini twaona ya kuwa picha ziko katika kitabu kimoja, na maneno ya watu katika kingine. Na mgawanyiko huo umewapata karibu wote waliomfuata.

Picha zilizo mashuhuri kupita zote ziko kusini ya Baray, huko Kolo na mahali pengi pengine katika wilaya ya Kondoa. Nyingi zimeandikwa kwa ngeu, yaani udongo mwekundu: twiga, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mwaka 1951 Mary Leakey alizinakili juu ya karatasi ang'avu, kisha akazipunguza na kuzitia rangi. Nakala hizo akazitoa mwaka 1983 katika kitabu Africa's Vanishing Art. Kwa saburi na usafi wa mkono kitabu hiki chastahili sifa kubwa. Hata hivyo, juu ya karatasi nyeupe mwamba wenyewe hauonekani: nyufa zake, kimo chake, na njia watu wanayoijia. Picha imekuwa kama neno lililokatwa katika sentensi yake.

Matokeo yake twayaona katika kufasiri. Huko Kolo iko picha ya watu waliosimama safu moja, na mmoja wa katikati ashikwa huku na huku. Wako walioiona kuwa ni mwanamke anayenyang'aniwa. Mwaka 1986 David Lewis-Williams alizifasiri picha za Kondoa kwa mfano wa zile za Wasan wa kusini ya Afrika, akazihusisha na simbo, ngoma ya Wasandawe ambayo wachezaji wake hujigeuza simba. Fasiri hii ina kina kuliko ile ya kwanza, maana yakumbuka kwamba watu wa nchi wana desturi zao. Lakini ufunguo wake umetoka mbali. Twampenda zaidi Eric ten Raa, ambaye mwaka 1971 aliandika juu ya picha hizi kama mtu aliyekaa na Wasandawe, akajua lugha yao, akawauliza. Amri yake ndiyo bora: kwanza sikio, baadaye jicho.

Jambo hili si la vitabu tu. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza picha za Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia, na moja ya sababu ni kwamba mahali pale pangali pana matumizi. Katika mwamba wa Mungomi wa Kolo watu huja kuomba mvua na uponyaji, na pombe ya tambiko hurushwa ukutani, juu ya picha zenyewe. Basi desturi ileile inayozipa picha uhai ndiyo inayozifuta. Tena wako wanaochimba chini ya miamba kwa uvumi kwamba Wajerumani walificha dhahabu pale.

Tufanyeje? Wengine watasema, wekeni ua na kukataza. Na tutazame Ajanta, Bara Hindi, yaliko mapango ya Wabuddha. Nakala nyingi za Robert Gill ziliungua London mwaka 1866, na nyingi za John Griffiths zikaungua mwaka 1885. Kwa hiyo nakala si amana ya kutosha. Na katika miaka ya 1920 mafundi wa Kiitalia walipaka vanishi ili kuziokoa picha zenyewe, nayo ikageuka manjano na kuzifunika. Mlinzi naye aweza kuharibu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mhubiri aweza kuwa na neno lake juu ya tambiko, lakini asidhani kwamba kulikomesha ndiko kuihifadhi picha. Mwamba usio na wenyewe huachiwa wachimba dhahabu. Heri kuwaendea wazee na kuwauliza kama sadaka yaweza kumwagwa chini ya mwamba, isiguse ukuta. Na jawabu liwe lao. Mwalimu naye awakataze wanafunzi wasizimwagie picha maji ili zing'ae, wala wasizifuatishe kwa makaa. Kisha aandike, kwa lugha ya wenyeji, jina la mwamba, nani huujia, wakati gani, na maneno gani husemwa hapo. Rangi ikifutika, nakala yaweza kubaki; mzee akifa kabla ya kuulizwa, maneno yake hayana nakala.