Kheri, Umeota Nini?

Mwanamke aliyekuwa akisuka ukili karibu na mlango alisema, bila kuinua macho, kwamba usiku ameota anavuka maji. Wenzake wakajibu kwa pamoja, "Kheri, inshallah." Mikono haikusimama. Hakuna aliyekimbilia kusema maji maana yake nini. Mkubwa wao, ambaye baraza nzima ilimwita Bibi, hata wasio wajukuu zake, alichukua ukindu mwingine, akaupasua kwa ukucha, ndipo akauliza: "Yalikuwa maangavu au ya tope?"

Yalikuwa maangavu. Akaendelea. Ulivuka kwa miguu au kwa ngalawa? Ulifika ng'ambo au uliamka katikati? Ulikula nini jana? Ulilala na udhu? Mumeo bado yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi? Mwanamke akajibu moja moja, na kila jibu likasubiriwa. Tafsiri yenyewe ilipokuja ilikuwa fupi, wala siikumbuki vizuri. Maswali ndiyo yaliyonikaa.

Hivyo ndivyo ndoto zilivyoaguliwa katika vijiji vya kusini Unguja, na nadhani pwani nzima ina baraza zake za namna hiyo. Hawakuwa waganga, na hakuna aliyetoa pesa. Walikuwa wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja ameota na kila mmoja amewahi kusikilizwa. Wazee walijua kwamba Mtume mwenyewe, akishamaliza sala ya Alfajiri, alikuwa akiwageukia masahaba na kuwauliza nani ameota usiku ule. Walijua pia kwamba ndoto njema imehesabiwa kuwa fungu moja katika mafungu 46 ya utume. Kitu chenye heshima hiyo hakiparamiwi.

Bingwa wa fani hii ni Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729. Kazi yake ilikuwa biashara ya nguo, na naona alikaa na ndoto kama fundi cherehani anayepima mtu kabla ya kukata kitambaa. Inasimuliwa kuwa watu wawili walimwendea, kila mmoja ameota anaadhini. Wa kwanza akamwambia atakwenda hija. Wa pili akamwambia atakamatwa kwa wizi. Waliokuwapo wakashangaa, ndoto ni ile ile. Akawaeleza kuwa yule wa kwanza alimwona na alama za ucha Mungu, akakumbuka aya inayomwamuru Nabii Ibrahim awatangazie watu hija. Wa pili hakumridhia sura, akakumbuka Sura ya Yusuf, pale mpiga mbiu alipouita msafara kuwa ni wezi. Sauti ile ile, kitabu kile kile, watu mbalimbali.

Lakini kati ya yote yanayosimuliwa, mimi napenda zaidi la Abu Bakr. Mtu mmoja alimwendea Mtume akasema ameota wingu linadondosha samli na asali, watu wanakinga kwa viganja, huyu kingi, huyu kidogo, na kamba imening'inia kutoka mbinguni hadi ardhini. Abu Bakr akaomba ruhusa aiague, akaruhusiwa. Akasema wingu ni Uislamu, samli na asali ni utamu wa Kurani, kamba ni haki. Alipomaliza akauliza kama amepatia. Akajibiwa kuwa amepatia baadhi na amekosea baadhi. Akaapa kwa Mungu, akitaka aambiwe alipokosea. Akaambiwa asiape, na hakuambiwa.

Fikiria hilo. Sahaba aliyekuwa karibu kuliko wote aliondoka pale bila kujua ni kipi katika maneno yake kilikuwa sawa. Kila nikisikia mtu anaagua ndoto ya asiyemfahamu kwa dakika moja redioni, namkumbuka Abu Bakr.

Bibi naye alijua kunyamaza. Kuna wakati alimkatiza mtu katikati ya maneno: "Hiyo usiitoe." Ndoto mbaya haikuletwa barazani. Unajikinga kwa Mungu, unatema mate makavu kushotoni mara 3, unageuza ubavu, basi. Walishika hadithi kwamba ndoto hukaa mguuni mwa ndege mpaka iaguliwe, ikishaaguliwa, huanguka. Kwa hiyo ulimi wa muaguzi ulikuwa na dhamana, na aliyekuwa na kinyongo nawe hakuhadithiwa. Nabii Yaakub alimkataza Yusuf asiwasimulie hata ndugu zake.

Sisi tunawasimulia watu wa kundi la simu ambao nusu yao hatuwajui sura. Majibu yanarudi kabla hatujanawa uso: nyoka ni adui, samaki ni mimba, jino likitoka kuna msiba. Nje ya misikiti vinauzwa vijitabu vyenye jina la Ibn Sirin kwenye jalada, ingawa vitabu vinavyobeba jina lake vilitungwa na watu wa karne za baadaye. Havina dhambi, ni karatasi. Ila havimuulizi mtu kama mumewe yuko dago.

Sitadai kwamba tabiri za Bibi zilitimia zote. Hakuna aliyeweka hesabu, wala sidhani hesabu ndiyo iliyowakalisha pale. Waliokaa pale walijuana matumbo na madeni, na aliyekuwa na jambo zito aliweza kulianza kwa kusema ameota. Tangu kilimo cha mwani kishike pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wengi hufuata maji yanapotoka, na binti zao huwahi magari ya hotelini. Siwalaumu, riziki haingoji. Lakini baraza ile sasa haina watu wa kutosha kuitikia "kheri", na anayeota hulibeba lake peke yake, na ikifika jioni limeshasahaulika.

Kama kwenu bado yupo mzee anayeuliza umeota nini, mjibu. Mwambie yeye kabla ya kuiandika popote, na akianza kukuhoji juu ya mambo unayoyaona hayahusiani, usimharakishe.