Sifa za Mhakiki

Wapo wanaomwona mhakiki kuwa kupe wa fasihi: mwandishi ahenye, yeye anyonye. Mimi namhesabu miongoni mwa mafundi, na ushahidi ninao.

Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, Chinua Achebe aliichambua Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad. Kwa miaka mingi ilikuwa imesomeshwa kama kazi iliyotukuka, tena yenye kulaani uporaji wa Wazungu katika Kongo. Achebe alimwita Conrad mbaguzi, na ukumbi ukachafuka. Lakini ufundi wake haukuwa katika ukali wa neno hilo. Ulikuwa katika kutazama ni wapi Waafrika wa riwaya ile wanafumbua kinywa wakaeleweka. Alionyesha pahala pawili: mara wanataka wapewe mtu wamle, na mara mtumishi anatangaza kifo cha Kurtz, Mzungu wa biashara ya pembe. Riwaya inafuata mto mrefu vile, kingo zimejaa watu, na kauli ni hizo tu! Maneno hayo yalikuwa kurasani tangu 1899. Kilichokosekana ni jicho.

Edward Said naye, katika kitabu chake cha 1993, aliisoma upya Mansfield Park ya Jane Austen, iliyotoka 1814. Nyumba ni ya kifahari, mabinti wanatafuta wachumba, na baba mwenye nyumba anasafiri kwenda kisiwa cha Antigua, huko Karibiani, kuangalia mali yake. Antigua inatajwa kwa kupitia tu. Said akakaa hapo hapo: mali hiyo ilikuwa mashamba, na waliolima miwa huko walikuwa watumwa. Hata hivyo hakumtupa Austen. Alitaka tumsome kwa makini zaidi, Uingereza na Antigua zikiwa mezani pamoja.

Hapo ndipo ninapomtofautisha fundi na mbabaishaji. Mbabaishaji huja na hukumu mfukoni, akabandika "ukoloni" juu ya kila kitabu kabla hajafika ukurasa wa kumi. Fundi huanza na sentensi.

Basi msomaji, ukiishika Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ambamo kijana Yusuf anachukuliwa kwa deni la babake, usikimbilie nadharia. Uliza kwanza: nani anasema, nani amenyamazishwa, na nani analipa? Nadharia itakukuta njiani.