Nembo inayodumu mlangoni na stika inayobanduka kwenye pikipiki

Gari la shirika la misaada likitokea Uvira kuingia Baraka, mashariki mwa Kongo, hubeba nembo mlangoni, na kwenye kioo alama ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Limekula vumbi na tope la barabara ya taifa namba 5 kwa miaka, lakini kingo za nembo bado zimelala. Kando yake inapita pikipiki ya abiria yenye stika iliyobandikwa miezi michache tu iliyopita, na tayari ncha za herufi zimejikunja. Zote mbili ni vinili yenye gundi mgongoni. Kilichozitenganisha kilifanyika kiwandani, kabla mbandikaji hajagusa kitu.

Vinili ni plastiki ya PVC, ambayo kwa asili ni ngumu. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, alipata njia ya kuilegeza kwa kuichanganya na vilainishi. Stika isingekunjika wala kushika mlango bila kilainishi hicho, na mara nyingi ni kilainishi hichohicho kinachoiharibu.

Vinili ya bei nafuu hupashwa moto, hukandamizwa kati ya rola nzito na kuvutwa mpaka ibaki na unene wa mikroni 80 hadi 100. Mvuto ule hukaa ndani yake. Baraka iko takribani nyuzi 4 kusini ya ikweta. Jua la huko likiipasha, plastiki hutaka kurudi ilivyokuwa, nayo husinyaa. Ukingo ukirudi nyuma hata nusu milimita, gundi hubaki wazi na vumbi hunasa, herufi ikazungukwa na mstari mchafu. Mstari huo ndio dalili ya kwanza, na huonekana mapema kuliko rangi kupauka. Wakati huohuo kilainishi chenye molekuli fupi hutoka kidogo kidogo, kingine kikiingia kwenye gundi na kuidhoofisha. Kinachobaki ni ganda kavu linalovunjika ukiligusa kwa ukucha. Ipo vinili ya namna hiyo hiyo ya rola iliyotiwa kilainishi chenye molekuli ndefu. Hicho hakitoki upesi, na stika huweza kukaa nje miaka kadhaa.

Vinili ya kumiminwa hutengenezwa kwa njia nyingine kabisa. PVC huyeyushwa, humwagwa juu ya karatasi maalumu, kisha hukaushwa katika tanuri. Kwa kuwa haikuvutwa, haina pa kurudi. Unene wake ni kama mikroni 50, na hulala vizuri kwenye mikunjo ya bodi ya gari. Bei yake ni kubwa, na sioni sababu ya kuinunua kwa tangazo la mradi wa miezi sita, wala hata kwa mlango ulio bapa, ambako ile ya rola yenye kilainishi cha molekuli ndefu inatosha. Lakini alama ya kukataza silaha ni jambo jingine. Askari kwenye kizuizi cha barabarani lazima aitambue akiwa mbali, kwa hiyo hapo sikubali vinili itakayopauka.

Pikipiki ina shida ya ziada, nayo ni mahali penyewe pa kubandika. Tangi ni chuma kilichopakwa rangi, na gundi hulishika. Madigadi na baadhi ya vifuniko vya pembeni ni plastiki ya jamii ya polipropilini, ambayo gundi ya kawaida haiishiki vizuri hata ikisafishwa namna gani; huhitaji vinili yenye gundi kali zaidi. Juu ya tangi nako, petroli inayomiminwa kutoka kwenye chupa za kando ya barabara hutiririka kwenye mfuniko, huvimbisha vinili na kulegeza gundi. Stika iliyowekwa chini kidogo ya mkondo huo huishi zaidi.

Kuhusu ubandikaji nina machache. Sabuni na maji kwanza, kisha spiriti, na uso ukauke kabisa. Kazi ifanyike kivulini, kwa sababu kwenye chuma cha moto gundi hushika papo hapo na huwezi kusogeza tena. Sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni, na pembe zikatwe mviringo, maana ncha kali ndiyo huinuka kwanza.

Kama fedha ni kidogo, ningeitumia kwenye stika inayoakisi mwanga kabla ya mapambo yoyote. Ndani yake kuna chembechembe za kioo au vipembe vidogo vinavyorudisha mwanga kwa aliyeutoa. Kampuni ya 3M ilianza kuiuza kwa alama za barabarani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kipande chekundu nyuma ya pikipiki isiyo na taa, usiku kati ya Baraka na Fizi, humpa dereva wa lori nafasi ya kukwepa.

Gari likiuzwa, nembo itoke yote, kwani raia hapaswi kuzunguka na alama ya shirika. Pasha vinili joto, ivute polepole kwa pembe ndogo, na gundi iliyobaki iondolewe kwa mafuta ya taa, kisha sabuni. Rangi iliyokuwa chini ya herufi haikuchomwa na jua, hivyo jina la zamani bado litasomeka mpaka bodi ing'arishwe au ipakwe upya.